Kabla Hujanunua Dume la Dorper

Mfugaji wa Kajiado au Longido anaponijia kuniuliza namna ya kuboresha kondoo wake, mara nyingi ameshaamua: anataka dume la Dorper. Namwelewa. Mwanakondoo wa Dorper hujaa nyama upesi, na mnunuzi mnadani humpandia bei. Lakini mimi humwomba kwanza tuzungumze habari za yule kondoo mwekundu wa Kimaasai aliyemrithi kwa babu yake, maana ubora wake mkubwa umo ndani ya mwili, haupimwi kwa mizani.

Adui mkubwa wa kondoo katika malisho yetu ni mnyoo mnyonya damu, Haemonchus contortus, anayekaa katika tumbo la nne. Mnyoo mmoja humpotezea kondoo takriban mililita 0.05 za damu kwa siku. Ni kidogo, mpaka uhesabu minyoo 5,000: hapo ni mililita 250 kila siku, kutoka kwa mnyama wa kilo 30 ambaye damu yake yote ni kama lita mbili. Jike la mnyoo hutaga maelfu ya mayai kwa siku, yanatoka na kinyesi, na mvua ikinyesha viluwiluwi hupanda kwenye majani kuwangoja wanaolisha. Kondoo hupauka ukope kwa ndani, huvimba chini ya taya, kisha hufa.

Kondoo mwekundu humeza viluwiluwi hao hao, ila mwili wake huwadhibiti. Katika miaka ya 1990 watafiti waliwalisha Dorper na wekundu pamoja huko Diani, pwani ya Kenya, kwenye unyevu minyoo inaoupenda. Wekundu walikutwa na mayai machache kwenye kinyesi, damu yao ilikuwa nzito zaidi, na wana wao walikufa wachache. Kinga hiyo hurithiwa. Dawa ya minyoo, kinyume chake, hununuliwa kila msimu, na minyoo imeshaanza kuizoea.

Dorper si mnyama mbaya. Alizalishwa Afrika Kusini miaka ya 1930 kwa kuchanganya Dorset Horn na kondoo mweusi kichwa mwenye asili ya Somalia, kwa hiyo ana damu ya huku kwetu. Kwenye nyanda kavu hukua vizuri. Kilichotuumiza ni kupandisha bila mpango: tangu madume yalipoanza kusambazwa Kenya kwa ruzuku katikati ya miaka ya 1970, vizazi vimechanganyika hivi kwamba kumpata mwekundu halisi leo ni kazi.

Pamoja naye unapotea ule mkia mnono. Ni akiba yake wakati wa ukame, na kwa Wamaasai mafuta ya kondoo ni chakula cha mama aliyetoka kujifungua na ni ya kupaka katika sherehe za baraka. Dorper hana mkia wa namna hiyo.

Ukitaka chotara wa kuuza, mpandishe, lakini tenga majike wekundu na dume lao, wasichangamane. Mvua zikianza, kagua ukope wa kila mmoja. Yule ambaye ukope wake hubaki mwekundu msimu baada ya msimu bila dawa, usimpeleke mnadani hata ukipewa bei nzuri.