Umehamia Unguja? Mbio za mtaani ni zako pia

Wapo wageni wengi waliokuja Unguja kwa kazi au masomo, wanasikia tangazo la mbio, kisha asubuhi yake wanabaki ndani. Inaniuma, maana kinachowazuia mara nyingi ni maneno ya kusikia tu.

"Mbio ni za wanariadha."
Hapa mazoezi ni jambo la mtaa. Kila tarehe 1 Januari vikundi vya mazoezi hukutana kwa siku ya mazoezi kitaifa, na humo utawaona akina mama wa makamo, fulana za kikundi na mitandio kichwani, wakienda mchakamchaka kwa nyimbo, mdogo mdogo, bila kumwacha mtu. Ukikimbia kilomita 5 na nusu yake ukatembea, hakuna atakayekushangaa. Anza kwa kuulizia kikundi cha mtaani kwako. Utakaribishwa.

"Unguja ni tambarare, kwa hiyo ni rahisi."
Kweli, kutoka Forodhani kupita Mnazi Mmoja hadi Maisara hutapanda kilima. (Pemba ni habari nyingine kabisa, kule ni kupanda na kushuka.) Lakini aliyezoea kukimbia Arusha au Berlin hapa hupambana na unyevu. Jasho huupoza mwili pale linapokauka juu ya ngozi. Hewa ikishajaa unyevu, jasho linachuruzika tu hadi viatu vinalowa, na joto linabaki ndani. Mwili huhitaji wiki 1 hadi 2 za mazoezi ya kila siku kwenye joto ili uzoee: unaanza kutoa jasho mapema, na jasho lenyewe linakuwa na chumvi pungufu. Kama umeshuka na boti juzi, usiutafute muda unaokimbia kwenu. Kipindi cha kaskazi, Desemba hadi Februari, hata mbio zikianza saa 12 asubuhi jua litakuwahi njiani. Ukihisi kizunguzungu, au mwenzako akianza kujibu mambo yasiyoeleweka, simameni hapo hapo, tafuteni kivuli, mmwagieni maji mwilini na muite watu wa huduma ya kwanza. Medali haina thamani ya roho ya mtu.

"Kunywa maji kadiri unavyoweza."
Hii ni hatari, na inasemwa kwa nia njema. Maji yakizidi, sodiamu (madini yaliyomo kwenye chumvi) kwenye damu hupungua na ubongo unaweza kuvimba. Kwenye Boston Marathon ya 2002, wakimbiaji 488 walipimwa damu mwishoni, na asilimia 13 walikutwa na upungufu huo. Wengi wao walikuwa wameongezeka uzito njiani kwa kunywa. Kunywa ukisikia kiu, basi.

"Mwanamke mgeni hawezi kukimbia mjini."
Anakimbia, na wenyeji wanakimbia kwa hijabu. Fulana pana yenye mikono na suruali nyepesi inayopita magoti itakutosha. Chukua kanga, ujifunge ukimaliza, ndipo upite Darajani kutafuta dafu.

"Kama sikimbii, sina kazi pale."
Meza ya maji huwa na uhaba wa mikono. Waambie waandaaji mapema kwamba unataka kusaidia, na kaeni hadi mkimbiaji wa mwisho apite, maana yeye ndiye aliyekaa juani muda mrefu kuliko wote.