Kwa nini kidonda cha mguuni huvimbisha kinena?

Mtoki, yaani uvimbe wa tezi za kinena, una sifa mbaya kuliko unavyostahili. Ukimtokea kijana, watu hudhani mara moja kuwa ana ugonjwa wa zinaa, naye huona haya hata mbele ya daktari. Dhana hiyo haikuzuka bure, kwa kuwa kaswende na pangusa huvimbisha tezi hizo kweli. Hata hivyo, tezi za kinena hazihudumii sehemu za siri peke yake: hupokea majimaji yaitwayo limfu kutoka mguu mzima, makalio, ngozi ya tumbo chini ya kitovu na sehemu ya mwisho ya njia ya haja kubwa. Msumari uliokanyagwa, fangasi wa vidoleni au mkwaruzo uliokwisha kusahauliwa unatosha kuleta mtoki, na ndiyo maana hata watoto wadogo huupata.

Limfu haina moyo wa kuisukuma. Hupanda kwa kubanwa na misuli tunapotembea, huku vali ndogo zikiizuia isirudi chini. Njiani hupita kwenye tezi kama malori yanavyopita kwenye mzani wa barabara kuu: mkaguzi hajali lori limetoka karibu au mbali, bali hukagua kila linalopita katika barabara yake. Bakteria wakinaswa hapo, chembe nyeupe za damu huzaliana kwa wingi, tezi hujaa, na ganda lake linapotanuka ndipo maumivu yanapoanza.

Barabara hizo zina mpangilio wa ajabu. Ngozi ya mfuko wa korodani hupeleka limfu yake kinenani, lakini korodani zilizomo ndani, sentimita chache tu kutoka hapo, huipeleka juu kabisa tumboni, karibu na figo. Sababu ni kwamba korodani huanza kukua huko juu kabla ya mtoto kuzaliwa, kisha hushuka zikiburuta mishipa yake. Kwa hiyo saratani ya korodani kwa kawaida husambaa kwanza kwenye tezi za tumboni, na madaktari wa upasuaji huitoa korodani hiyo kupitia kinena badala ya kupasua mfuko, wasije wakaifungulia saratani njia mpya.

Tauni nayo hufuata ramani hiyohiyo. Katika wilaya ya Lushoto, ambako ililipuka mwaka 1980 na kurudi mara kadhaa, uvimbe wake mkali ungeweza kutokea kinenani, kwapani au shingoni, kutegemea mahali kiroboto alipouma. Anayeumwa mguuni huvimba kinena.

Mahali pa uvimbe, basi, huonyesha barabara tu, si kilichopakiwa. Tena watu wengi wenye afya njema wana tezi ndogo za kinena zinazopapasika, hasa wanaotembea peku, hivyo kuzigusa hakuthibitishi lolote. Tezi inayostahili kupimwa hospitalini bila kuchelewa ni ile inayozidi kukua kwa wiki kadhaa, iliyo ngumu na isiyosogea inaposukumwa, hata kama haiumi.