Saa za kusubiri kwenye gari la wagonjwa nazo ni saa za kazi

Wapo waajiri wa wahudumu wa magari ya wagonjwa ambao hesabu yao ya malipo huanza gari linapotoka getini. Usiku ukipita bila simu, wanasema mhudumu alilala tu, na saa zake za ziada hazionekani kwenye slipi ya mshahara. Mhudumu naye, kwa kuwa kweli alijinyoosha kidogo kwenye benchi, anaona haya kudai. Makala hii inamhusu hasa aliyeajiriwa na hospitali binafsi, kampuni ya ambulansi au kituo cha huduma ya kwanza mgodini hapa Tanzania Bara. Nasema wazi tangu mwanzo: hana sababu ya kuona haya.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi mapumziko ya dakika 60 akishafanya kazi zaidi ya saa 5 mfululizo. Kifungu cha 23 kinasema mwajiri halazimiki kulipia mapumziko hayo, isipokuwa pale anapomtaka mfanyakazi afanye kazi au awe tayari kwa kazi katika muda huo. Wengi husoma nusu ya kwanza ya kifungu na kuishia hapo. Kama hata saa ya kula inalipwa pale mtu anapotakiwa kukaa tayari, sioni hoja ya kumnyima malipo mhudumu aliyekaa kituoni usiku kucha, sare mwilini, redio ya mawasiliano pembeni, haruhusiwi kwenda nyumbani wala kunywa pombe, na akiitwa anatakiwa awe barabarani papo hapo.

Jambo hili limeshabishaniwa kwingine. Mwaka 2004, katika kesi ya Pfeiffer, Mahakama ya Haki ya Ulaya ilisikiliza shauri la wahudumu wa dharura wa Msalaba Mwekundu wa Ujerumani. Iliamua kwamba muda wao wa kuwa tayari kazini uhesabiwe wote katika ukomo wa saa 48 kwa wiki. Mwaka mmoja kabla, katika kesi ya Jaeger, ilikuwa imeamua vivyo hivyo kwa daktari wa zamu aliyekuwa na kitanda cha kulalia hospitalini. Hukumu hizo zilihusu ukomo wa saa, hazikupanga mishahara, wala haziifungi mahakama yetu. Mantiki yake ndiyo ninayoikubali: mtu aliyezuiwa na mwajiri yuko kazini, hata akisinzia.

Anayesubiri nyumbani kwake ni suala jingine. Madereva wa jamii katika mpango wa m-mama, wanaopigiwa simu kumpeleka mama mjamzito au mtoto mchanga hospitalini, huendelea na shughuli zao hadi waitwe, kisha hulipwa kwa M-Pesa safari ikikamilika. Kwao malipo kwa safari yana maana. Kuuchukua utaratibu huo na kumvika mtu aliyefungiwa kituoni kwa saa 12 ni kumdhulumu.

Sasa tupige hesabu. Chukua mhudumu mwenye mshahara wa msingi wa Sh 585,000 kwa mwezi na saa 45 za kawaida kwa wiki. Jedwali la sheria linataka mshahara wa mwezi ugawanywe kwa 4.333, kisha kwa saa za wiki. Hapo saa moja ni takriban Sh 3,000. Saa ya ziada hulipwa mara moja na nusu, yaani Sh 4,500. Saa ya usiku, kuanzia saa 2 usiku hadi saa 12 asubuhi, huongezewa angalau asilimia 5, nayo ni Sh 150.

Akiingia saa 2 usiku na kutoka saa 2 asubuhi, saa 9 za kwanza ni za kawaida na zimo ndani ya mshahara, lakini nyongeza ya usiku ni Sh 1,350. Saa 3 zilizobaki ni za ziada: Sh 13,500. Moja kati ya hizo bado ni usiku, na asilimia 5 yake hupigwa kwenye kiwango cha saa ya ziada, Sh 225. Jumla Sh 15,075 kwa usiku mmoja. Kwa zamu 15 ni Sh 226,125, na hii ndiyo fedha inayopotea kimyakimya kwa maneno ya "ulilala tu".

Mwajiri anaweza kujibu kwamba mlikubaliana zamu za saa 12. Inaruhusiwa, ila makubaliano yawe ya maandishi, zisizidi siku 5 wala saa 45 za kawaida kwa wiki. Zamu ya nne ya saa 12 katika wiki hiyohiyo inafikisha saa 48, kwa hiyo saa tatu ni za ziada. Nyongeza ya usiku haiguswi na makubaliano hayo.

Wengine hujificha nyuma ya dharura. Ni kweli sheria inalegeza ukomo wa saa 12 kwa siku kwa kazi ya dharura isiyoweza kufanyika ndani ya saa za kawaida. Basi likipinduka saa ya kubadilishana zamu, hakuna atakayewaacha majeruhi barabarani. Lakini ratiba iliyobandikwa ukutani mwezi mzima, yenye zamu za saa 24, ni upungufu wa watu, na dawa yake ni kuajiri. Tena kulegezwa kwa ukomo hakufuti malipo ya saa za ziada.

Piga picha ratiba ya zamu na daftari la makabidhiano kila wiki, bila kuchukua majina ya wagonjwa, na utunze slipi zako. Ukianza kwa barua kwa mwajiri, usisubiri jibu hadi muda ukuishie: mgogoro wa malipo hupelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 60 tangu ulipotokea, kwa fomu namba 1 ya Tume. Huna mkataba wa maandishi? Peleka hivyohivyo. Mwajiri akishindwa kuonyesha mkataba au maelezo ya ajira kwa maandishi, mzigo wa kuthibitisha masharti ya kazi unakuwa wake.