Kompyuta imesoma uliyoposti, sasa tufanye nini?

Siku hizi tunaletewa sana lalamishi la aina moja: ati "kompyuta inanijua, nani aliiambia?" Mara nyingi ni wewe mwenyewe, ama chama chako cha akiba na mikopo. Juzi mama mmoja alikuja simu mkononi akatuonyesha PDF ya chama chao (sitasema gani) imeachwa wazi mtandaoni, jina lake, namba ya kitambulisho, na deni lake limepakwa rangi nyekundu.

Hizi programu za akili bandia (AI) zinasoma kurasa za mtandao zilizo wazi, nyingi ajabu, zinajifunza neno gani hufuata lipi. Ukweli haziulizi. Januari 2010 watu wa Carnegie Mellon kule Marekani waliwasha programu inaitwa NELL isome mtandao usiku na mchana ikiokota maarifa, ikakutana na kuki za intaneti (vifaili vidogo ambavyo tovuti huacha kwenye kompyuta yako), na kwa Kiingereza jina ni moja na la biskuti, basi ikaziweka na vitu vya kuokwa, halafu ikaona watu wanafuta kuki na pia wanafuta mafaili, ikaamua hata mafaili yanaokwa.

Sasa utaratibu, na hapa naomba tusikilizane. Anza na aliyeweka hiyo data, mwandikie aifute, kanuni za Kenya za ulinzi wa data za 2021 zinampa siku 14, na weka skrinshoti yenye tarehe. Akinyamaza, lete malalamishi kwa Kamishna wa Data, ofisi ya serikali inayosimamia sheria hiyo, hata kwa mdomo, yataandikwa, na uchunguzi unafaa uishe ndani ya siku 90. Faini inaweza kufika shilingi milioni 5, ama kwa kampuni asilimia 1 ya mauzo ya mwaka uliotangulia, ile iliyo NDOGO kati ya hizo mbili, narudia ndogo, maana kila wiki kuna mtu ashapiga hesabu ya mabilioni. Na faini haiingii mfukoni mwako, fidia ni ombi tofauti.

Ile meseji mnaforwadiana ya "siruhusu data yangu itumike" haina nguvu yoyote, tafadhali wacheni. Na programu ikishafunzwa haina droo ya kufungua utoe jina lako, ndiyo maana tunasisitiza tuanzie pale lilipowekwa.

Yule mama alimpigia mwenyekiti wao hapo hapo. Pasiwadi ya kuitoa ile PDF, akaambiwa, iko na mwenyekiti wa zamani, na hao wawili hawaongei.