Je, wajua kwa nini paka wa Lamu hana mwenyewe?

Asubuhi samaki wakipasuliwa karibu na gati, paka wa Lamu huwa wameshakaa wanangoja vichwa na matumbo. Uliza yule wa rangi ya mchanga ni wa nani, utajibiwa: "Ni wa hapa." Usiku hulala kwenye baraza la nyumba moja, watoto wake kawazalia darini kwa jirani, na chakula anakipata sokoni. Hakuna anayesema ni wangu, wala hakuna anayemfukuza, labda akidokoa kitoweo jikoni, hapo ndipo huitwa shume.

Mgeni aliyezoea paka wa ndani ya nyumba humwonea huruma. Huuliza, huyu ametupwa? Ni swali la haki, na jibu lake linaanzia mbali.

Punda tulimkamata tukamtwika. Paka alikuja mwenyewe. Watu walipoanza kuhifadhi nafaka huko Mashariki ya Kati, kiasi cha miaka 10,000 iliyopita, panya walifuata nafaka na paka-mwitu akafuata panya. Uchunguzi wa vinasaba uliotolewa mwaka 2007 ulionyesha kwamba paka wote wa majumbani wametokana na huyo paka-mwitu wa Afrika Kaskazini na Mashariki ya Kati. Katika kisiwa cha Cyprus kumepatikana kaburi la miaka 9,500 hivi, mtu kalazwa na paka karibu yake. Kisiwani hapo hapakuwa na paka wa asili, maana yake alivushwa baharini. Watu wa majahazi hawatashangaa: chombo kikipakia nafaka, panya nao hupanda.

Kwa hiyo mapatano yetu na paka tangu mwanzo hayakuwa ya kufungana. Yeye hukaa kwa kuwa pana faida, nasi twamwacha akae.

Tulipokuwa chuoni tukisoma Kurani tulisimuliwa habari ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa ajili ya paka. Hadithi hiyo imo katika Bukhari na Muslim, vitabu vya hadithi za Mtume. Wengi hukumbuka kwamba paka alikufa njaa, lakini maneno yake yana pande mbili: alimfunga bila kumlisha, na wala hakumwachia akajitafutia wadudu wa ardhini. Kosa limekaa hapo kati. Ukishafunga mlango, riziki ya mnyama imehamia mikononi mwako, kila siku, hata siku uliyosafiri. Kufuga kwenyewe hakukukatazwa. Mtoto Abu Umayr alikuwa na kidege chake cha kuchezea, na Mtume akimtania kwa upole kukihusu. Wanazuoni wakachukua hapo ruhusa ya kufuga ndege, maadamu hadhuriwi.

Maadamu hadhuriwi. Hapo ndipo moyo wangu husimama nikimwona kasuku wa kijivu tunduni. Porini ndege huyu huruka masafa marefu na kundi lake, na akifugwa anaweza kuishi zaidi ya miaka 40. Akikosa wenziwe na shughuli, wengine huanza kujing'oa manyoya hadi kifua kikabaki kitupu. Anakula, anakunywa, na bado anadhurika. Mwaka 2016 mataifa yalikubaliana kupiga marufuku biashara ya kimataifa ya kasuku hao wanaotegwa porini, na Kenya, kwa sheria ya wanyamapori ya 2013, haikuruhusu kuweka mnyama wa porini nyumbani bila kibali. Mimi naona hata kibali hakimpi anga.

Yupo mwanasheria na mwanafalsafa wa Marekani, Gary Francione, asemaye tuwatunze wanyama wa nyumbani waliopo lakini tusizalishe wengine, kwa sababu tumewafanya watutegemee kwa chakula, maji, hata ruhusa ya kutoka nje. Kwa kasuku na mbwa wa mnyororoni maneno yake yananichoma. Paka wa mtaani hamuombi mtu ruhusa ya kutoka.

Lakini uhuru huo una gharama, na anayeulipa ni mtoto wa paka. Jike huweza kushika mimba akiwa na miezi minne au mitano tu. Hubeba kwa wiki tisa hivi, huzaa watatu, wanne, watano, na huweza kushika nyingine kabla hajaachisha kunyonyesha. Samaki wa gatini hawawatoshi wote. Ukiona kinyau kimekauka mtaroni, usiseme ni kudura kisha ukapita.

Wali na mchuzi tunaomtupia nao haumjengi. Mwili wa paka hauwezi kujitengenezea taurini, kirutubisho cha macho na moyo, ya kumtosha. Huipata kwenye nyama na samaki. Akiikosa muda mrefu, macho hufa na moyo hulegea. Kile kichwa cha samaki, basi, ni dawa.

Kinachobaki ni kumfunga kizazi. Daktari wa mifugo humlaza paka kwa dawa, humpasua, na kwa paka wa mitaani, katika nchi nyingi, hukata ncha ya sikio moja ili asije akakamatwa tena bure. Ukimwona wa namna hiyo amejilaza barazani, jua kuna mtu aliyemfunga siku moja, akamlisha, kisha akamwachia.