Darubini za Kuwindia na Kutazamia Wanyama Visiwani: Yanayosemwa na Yaliyo Kweli

Ukiuliza darubini madukani, iwe Darajani, Unguja, au Chake Chake, Pemba, huenda ukaoneshwa kwanza maandishi yaliyochapwa karibu na lenzi za macho, na mara nyingi maandishi hayo husomeka "126m/1000m" au mfano wake. Wengi, wauzaji kwa wanunuzi, huyafasiri kwamba darubini hiyo inaona hadi mita 1000 na kwamba isiyokuwa na maandishi hayo ni dhaifu. Tafsiri hiyo si sahihi. Maana yake ni kwamba ukitazama pahala palipo umbali wa mita 1000, upana unaoingia ndani ya duara la darubini kutoka ukingo mmoja hadi wa pili ni mita 126. Hicho ni kipimo cha upana wa mwono, wala si cha masafa. Darubini haina mwisho wa masafa. Mwezi uko wastani wa kilomita 384,000 kutoka duniani, nasi tunauona bila ya chombo chochote. La kuulizwa ni kiasi gani cha nuru na cha undani wa kitu kinalifikia jicho, na hapo ndipo dhana nyingine nyingi zinapoanza kuwapoteza watu.

"Inayokuza zaidi ndiyo bora"

Hii ndiyo dhana iliyoota mizizi kuliko zote. Darubini iliyoandikwa 8x42 hukuza mara 8, na kila lenzi yake ya mbele ina kipenyo cha milimita 42. Iliyoandikwa 12x50 hukuza mara 12 kwa lenzi za milimita 50. Msasi au mlinzi wa msitu anayeichagua ya pili kwa sababu 12 ni kubwa kuliko 8 husahau kwamba chombo hakimkuzi mnyama peke yake, bali hukuza pia mtetemeko wa mikono, pumzi na mapigo ya moyo. Kwa hiyo, ikishapita mara 10, watu wengi hawawezi kuishika darubini kwa mikono mitupu na kuona kwa utulivu, khasa baada ya kupanda na kushuka juu ya mawe.

Upana wa mwono nao hupungua. Darubini nzuri ya 8x42 huonesha upana wa takriban mita 120 hadi 140 kwa umbali wa mita 1000, ilhali nyingi za kukuza mara 12 haziwezi kufika mita 100. Ukivileta vipimo hivyo kwenye vichaka vyetu vya maweni, ambako mnyama aghalabu huonekana akiwa hatua 20 au 40 mbele yako, hesabu huwa bayana: kwa umbali wa mita 30, ya kwanza inakuonesha upana wa karibu mita 4, na ya pili haifiki mita 3. Mita hiyo moja ndiyo tofauti baina ya kumpata paa aliyevuka njia na kulizungusha duara juu ya majani mpaka ametoweka. Maelezo mengi ya vifaa hivi huandikwa kwa ajili ya wawindaji wa milima ya Ulaya na Marekani, au wa mbuga za wazi za bara, ambao hukaa pahala pamoja na kuchunguza mteremko ulio kilomita moja mbele yao. Ushauri wao ni sahihi kwao. Kwa msitu wa Jozani au wa Ngezi, kumfuata mshauri wa milimani ni kununua tatizo.

Jambo la tatu ni nuru, nalo linastahili kuelezwa kwa utulivu kwa sababu nguruwe wa mwitu, ambaye ndiye anayewasumbua wakulima wa muhogo na kuwafanya wasasi watoke, hutembea usiku, na muda mzuri wa kumwona mnyama yeyote mwenye haya ni baina ya alfajiri na kuchomoza kwa jua au karibu na magharibi. Chukua kipenyo cha lenzi ya mbele, kigawe kwa kiwango cha ukuzaji, na utapata upana wa mwale wa nuru unaotoka kwenye lenzi ya jicho. Kwa 8x42 ni milimita 5.25, kwa 10x42 ni 4.2, kwa zile ndogo za mfukoni za 10x25 ni 2.5 tu. Mchana wa jua kali mboni ya jicho hubana hadi milimita 2 au 3, kwa hiyo hata ile ya mfukoni inatosha na mnunuzi hataona upungufu wowote akiijaribu saa sita mchana mbele ya duka. Jioni mboni hutanuka hadi milimita 5 na zaidi, na kwa vijana hufika 7, na hapo ile ya mfukoni humpa picha ya giza huku jirani yake mwenye 8x42 akiendelea kuhesabu pembe. Mboni za wazee hazitanuki sana, kwa hiyo mtu wa umri wa miaka 60 hana sababu ya kubeba lenzi kubwa mno kwa tamaa ya nuru ambayo jicho lake halitaipokea.

Kwa maoni yangu, anayetaka darubini moja tu ya kutumia Unguja na Pemba anunue 8x42, na anayetembea mwendo mrefu achukue 8x32 kwa kupunguza uzito. Zile zenye ukuzaji wa kubadilika, kwa mfano wa mara 10 hadi 30, ziachwe dukani. Mwono wake ni mwembamba, picha hufifia kadiri unavyoongeza, na ile mitambo miwili ya kubadilishia hupotezana ulinganifu upesi.

"Namba iliyochapwa haiwezi kusema uongo"

Ziko darubini za bei rahisi zilizochapwa 60x60 na hata zaidi, zenye ukubwa wa kiganja. Kuzipima hakuhitaji fundi. Ishike darubini mbali na uso kwa urefu wa mkono, uielekeze kwenye mbingu nyeupe, wala si kwenye jua, kisha utazame lenzi za macho. Utaona kijiduara cheupe ndani ya kila moja. Kipime kwa rula. Tuseme kina milimita 5, na lenzi ya mbele, ukiipima kioo chake kinachoonekana bila ya fremu, ina milimita 35. Gawa 35 kwa 5, na jibu ni 7: hiyo ni darubini ya mara 7, liwe limechapwa lolote. Papo hapo angalia umbo la kijiduara. Kikiwa mviringo kamili ni dalili njema; kikiwa kimekatwa pembeni na vivuli vya kijivu, prizimu za ndani, yaani vipande vya kioo vinavyoigeuza picha iwe wima, ni za kioo cha daraja la chini au ni ndogo kuliko inavyotakiwa.

Rangi nyekundu inayong'aa kwenye lenzi, ambayo husifiwa kuwa ni ya usiku, haina lolote la usiku. Lenzi inayorudisha wekundu nje ina maana kwamba sehemu ya nuru nyekundu haikuingia ndani. Mpako wa kweli, yaani utando mwembamba unaopakwa juu ya lenzi, hufanya kinyume, kwani kazi yake ni kuzuia nuru isirudi. Kioo kisichopakwa hupoteza karibu asilimia 4 ya nuru kila nuru inapovuka uso mmoja, na ndani ya darubini nyuso za namna hiyo ni nyingi. Mpako wa kuondoa mrudisho huo ulibuniwa na Alexander Smakula katika kampuni ya Zeiss mwaka 1935, na leo lenzi iliyopakwa vizuri humulika mng'ao hafifu wa kijani au zambarau, nawe ukiitazama unauona ndani yake weusi mtulivu.

"Yenye mabega ni ya kizamani"

Darubini zenye umbo pana, ambazo lenzi zake za mbele zimetengana kuliko za macho, hutumia prizimu zilizosajiliwa na Mtaliano Ignazio Porro mwaka 1854. Zile nyembamba zilizonyooka hutumia prizimu za namna nyingine, na huonekana za kisasa. Wembamba huo una gharama yake, kwa sababu prizimu zake zinahitaji kuchongwa kwa usahihi mkubwa na kupakwa mipako ya ziada ili picha isififie. Kwa hiyo, kwa bei ya chini, yenye mabega mara nyingi huonesha vizuri zaidi kuliko nyembamba ya bei hiyo hiyo. Aibu yake ni ukubwa, na kwamba nyingi hazikuzibwa vyema dhidi ya maji.

Kuhusu darubini za kijeshi na za baharini, hasa 7x50, sifa zake ni za haki lakini kwa kazi yake. Mwale wake wa milimita 7 humfaa mtu aliye ndani ya chombo kinachoyumba, kwani jicho likiteleza kidogo bado linabaki ndani ya nuru. Hata hivyo, nyingi hurekebishwa kwa kila jicho peke yake. Baharini, ambako kila kitu kiko mbali, ukisharekebisha umemaliza. Msituni, ambako ninga yuko juu ya mti mita 15 na baadaye kima punju mita 40, utarekebisha jicho la kulia, kisha la kushoto, na mnyama hatakusubiri.

"Haipitishi maji, basi haiharibiki"

Hewa ya visiwa hivi huua darubini nyingi kuliko mvua inavyoziua. Darubini iliyozibwa kwa mipira na kujazwa naitrojeni au agoni haifanyi ukungu kwa ndani, na sifa hiyo ina thamani kubwa kwetu kuliko kuongeza ukuzaji. Ningeacha anasa nyingine zote kabla ya kuiacha hiyo. Lakini kuzibwa hakuzuii kuvu kuota juu ya nyuso za nje endapo chombo kitafungiwa ndani ya mkoba wa ngozi, kabatini, msimu mzima wa masika. Kuvu hula mpako, na alama zake hazifutiki. Darubini ikae pahala penye hewa, au ndani ya chombo kinachofungwa barabara pamoja na vijipakiti vya kukaushia unyevu, ambavyo navyo vikaushwe au vibadilishwe mara kwa mara.

Chumvi ya bahari na mchanga ni adui wa pili. Mtu akirudi ufukweni akafuta lenzi kwa ncha ya shati, anasugua punje ngumu juu ya mpako. Kwanza pulizia vumbi au liondoe kwa brashi laini, na kama darubini yako ni ya kweli ya kutopitisha maji, ioshe kwa maji baridi ya bomba kabla ya kitambaa kuigusa.

"Picha huwa maduara mawili"

Filamu ndizo zilizotufundisha hivyo. Darubini iliyorekebishwa huonesha duara moja. Ukiona mawili, ikunje au ikunjue katikati mpaka yakutane. Yakikataa kukutana, au kichwa kikauma baada ya dakika chache, huenda iliwahi kuanguka na mirija yake haitazami tena pahala pamoja. Hiyo usiinunue hata kwa nusu ya bei. Anayevaa miwani atafute inayoruhusu jicho kukaa milimita 15 au zaidi kutoka kwenye kioo, vinginevyo ataona sehemu ya katikati tu.

Darubini ya jicho moja na kipima umbali

Darubini kubwa ya jicho moja, ile ya kuwekwa juu ya stendi ya miguu mitatu na kukuza mara 20 hadi 60, husifiwa kuwa ndiyo chombo cha mabingwa. Ndani ya msitu haina kazi. Pahala pake ni penye uwazi, kama vile Ghuba ya Chwaka maji yakitoka, ambapo ndege wa pwani huwa mbali juu ya tope. Hata hapo mara 60 ni ya asubuhi tu. Jua likipanda, hewa ya moto juu ya tope hucheza na picha yote hutetemeka, na kukuza zaidi ni kuukuza mtetemeko huo. Anayekaa kwenye mara 25 au 30 huona zaidi.

Kipima umbali cha leza ndicho kinachosifiwa kwa mambo kisichoyaweza. Hutoa mapigo ya nuru isiyoonekana, kikapima muda ambao nuru hiyo huenda na kurudi. Kwa kitu kilicho mita 30, safari hiyo huchukua nanosekunde 200. Kinachopimwa ni umbali wa kitu chochote kilichoirudisha nuru, na kifaa hakijui kama ni ubavu wa mnyama au jani la mkwamba lililo mbele yake. Ndiyo maana vifaa vizuri vina mpangilio wa kuchagua shabaha ya mwisho badala ya ya kwanza, na asiyeuweka vichakani atasoma umbali wa majani. Vilevile masafa ya mita 1000 yanayoandikwa kwenye boksi la kifaa ni ya kitu kinachorudisha nuru vyema. Kwa manyoya ya mnyama masafa hupungua mno, na mvua au ukungu huyapunguza zaidi.

Hesabu ya mteremko, ambayo baadhi ya vipima umbali huifanya na ambayo hupandisha bei, ni muhimu milimani, ambako mita 100 za kuinama nyuzi 30 huwa mita 87 tu za usawa. Vilima vyetu ni vifupi. Na kwa kuwa bunduki ya marisau haipaswi kutumika kupita mita 35 au 40, msasi anayekaa ukingoni mwa shamba anaweza kuhesabu hatua mchana na kuweka alama za vijiti, akabakiwa na fedha za kununua darubini yenye kioo bora. Fedha hizo zina kazi: paa nunga, ambaye analindwa na sheria, hutambulikana kwa mkanda mweupe wa makalioni, na mkanda huo ni lazima uonekane kabla ya mtu kunyanyua chochote.

"Kuna darubini inayoona gizani kabisa"

Darubini ya kawaida hukusanya nuru iliyopo. Isipokuwapo, hakuna cha kukusanya. Vifaa vya kuonea joto ni jambo jingine, kwani huonesha mwili wenye joto hata usiku wa kiza totoro, lakini havipenyi majani mazito, na mara nyingi havioneshi rangi wala alama za ngozi. Katika usasi wa mbwa, ambao wasasi wenyewe wametawanyika vichakani pamoja na mbwa wao, doa jeupe kwenye skrini huweza kuwa nguruwe, mbwa, au mtu aliyechuchumaa kutoa mwiba. Kurunzi na sauti ya kuitana vitangulie.