Skripti ya barua pepe: imemaliza bila hitilafu, barua iko wapi?

Python ina smtplib, maktaba ya kutuma barua pepe, na mistari kama kumi inatosha kutuma barua ya kwanza. Urahisi huo ndio unaozaa imani zifuatazo.

Dhana: Skripti ikimaliza bila hitilafu, barua imefika.

Hapana. Seva ikijibu 250, inasema tu kwamba imeipokea barua. Ikigundulika baadaye kwamba sanduku la mpokeaji halipo, taarifa itarudi kwa barua pepe kwenye anwani ya mtumaji, wakati skripti yako ilishafungwa zamani.

Kuna jambo baya zaidi. Ukituma kwa watu watatu na seva ikamkataa mmoja, `send_message` hailalamiki. Hitilafu hutupwa pale tu wote wanapokataliwa. Yule mmoja anawekwa kwenye kamusi inayorudishwa, na wengi hawaigusi kamwe. Andika `waliokataliwa = seva.send_message(barua)`, kisha usome kilichomo.

Dhana: Ndani ya kitanzi, `barua["To"]` mpya hufuta ya zamani.

Kwa kamusi ya kawaida, ndiyo. Lakini ukitumia MIMEText, aina ya zamani ya kuunda barua katika Python, kila unapoweka "To" unaongeza mstari mwingine juu ya uliokuwepo. Ukituma kwa `sendmail`, mtu wa tatu anaziona anwani za wawili waliomtangulia: siri za watu zimeshavuja, na skripti inaendelea kama kawaida. EmailMessage, ambayo ni mpya zaidi, hukataa "To" ya pili kwa ValueError. Wanaoanza huikasirikia hitilafu hiyo. Mimi naona inawaokoa. Unda barua mpya kwa kila mpokeaji, ila muunganisho wa seva ufungue mara moja tu, nje ya kitanzi.

Dhana: Poti (milango ya seva) 465 na 587 ni kitu kimoja.

Poti 465 husimba mawasiliano tangu mwanzo, hivyo inataka `SMTP_SSL`. Poti 587 huanza wazi, na ni lazima uite `starttls()` kabla ya `login()`. Usidanganywe na base64, namna ya kuandika data kwa herufi za kawaida, inayoonekana kwenye mazungumzo na seva, kwani yeyote anaweza kuifumbua.

Dhana: Nenosiri likiwa ndani ya faili langu mwenyewe, hakuna shida.

Shida huanza siku unapolipeleka faili kwenye Git, mfumo unaohifadhi kila toleo la msimbo. Hata ukilifuta nenosiri kesho, historia inalo. Lisome nenosiri kutoka `os.environ`, yaani vigezo vya mazingira vilivyo nje ya faili. Kwa Gmail, nenosiri la kawaida la akaunti binafsi halikubaliwi kwenye skripti za namna hii tangu 2022. Unahitaji nenosiri la programu, lenye herufi 16.

Dhana: Kwenye "From" naweza kuandika anwani yoyote.

SMTP, itifaki ya kutuma barua pepe, ya mwaka 1982 isingekuzuia. Leo seva inayopokea hukagua SPF, DKIM na DMARC, yaani njia za kuthibitisha nani ana ruhusa ya kutuma, za kikoa unachodai ni chako. Zisipolingana, barua huishia kwenye barua taka au hukataliwa mlangoni.